Bunduki Ikipiga Teke, Darubini Inashikwa na Nini?

Ndugu msomaji, juma hili nataka tuzungumze habari za skrubu. Ndiyo, skrubu, tena zile ndogo ambazo ikikuponyoka moja sakafuni utaitafuta kwa tochi. Huenda ukauliza: mambo yote ya nchi hii yamekwisha, hata mtangazaji aje kutuletea habari za skrubu? Subira, ndugu yangu. Skrubu ninazozisema ni zile zinazoshika darubini juu ya bunduki ya kaliba kubwa. Zikilegea, anayelipa si mwenye bunduki peke yake.

Tuanze na watu. Ukiteremka kutoka Mbinga, ukaiacha milima ya Umatengo na kahawa yake, unafika ufukwe wa Ziwa Nyasa: Mbamba Bay, Liuli, Lituhi. Sehemu yote hiyo ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbinga hadi mwaka 2012, ilipoundwa Wilaya ya Nyasa. Wananchi wa huko wanaishi kwa maji. Wanavua, wanateka, wanafua, wanaoga, wanalima mihogo na mpunga karibu na mito kama Ruhuhu. Mamba na viboko nao makazi yao ni hayo hayo. Serikali imeweka utaratibu wa kifuta machozi kwa mtu aliyeuawa au kujeruhiwa na mnyama hatari, chini ya kanuni za mwaka 2011. Lakini kifuta machozi, kama jina lake linavyosema, huja baada ya machozi. Kabla ya machozi, anayeitwa ni askari wa wanyamapori na bunduki yake.

Sasa fikiria kazi anayopewa askari huyo. Kiboko aliye majini haonyeshi mwili wake. Anatoa masikio, macho na pua, basi. Mamba ndiyo zaidi: ubongo wake ni mdogo, na mahali pa kumpiga ili afe papo hapo ni padogo kuliko kiganja cha mtoto. Kwa umbali wa mita 50 au 60, jua likiwaka juu ya maji, jicho tupu na kilenga cha chuma vinapata tabu. Ndiyo maana darubini ina faida. Inamsogeza mnyama karibu, na inampa mpiga shabaha nafasi ya kuhakikisha kwamba kile kitu cheusi ni mamba wala si gogo, au Mungu apishie mbali, mtu anayeoga.

Tatizo ni kwamba bunduki inayofaa kwa wanyama wakubwa hupiga teke. Wawindaji kwa kawaida huhesabu kaliba .375, iliyotolewa na Holland & Holland mwaka 1912, kuwa ndiyo ya chini kwa kazi hiyo. Idara nyingi za wanyamapori katika Afrika Mashariki zilizoea pia kaliba .458 ya Winchester, iliyotoka mwaka 1956. Hiyo .375 inatupa risasi ya gramu 19 hivi kwa mwendo wa mita 760 kwa sekunde. Kila kitu kinachosukumwa mbele humsukuma nyuma aliyekisukuma. Bunduki yenye uzito wa kilo 4 inarudi nyuma kwa mwendo wa karibu mita 5 kwa sekunde, na ile .458 inafika mita 6. Bega linalipokea teke hilo kwa maumivu. Je, darubini inalipokeaje?

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi. Watu hudhani darubini husukumwa nyuma. Sivyo. Bunduki ndiyo inayorudi nyuma. Darubini inataka kubaki pale ilipokuwa. Ni kama abiria aliyesimama ndani ya basi: dereva akiondoa gari ghafla, abiria anaangukia nyuma, si kwa sababu kuna aliyemvuta, bali kwa sababu basi limemkimbia. Kwa hiyo, ukiitazama kutoka kwenye bunduki, darubini huteleza kwenda mbele, upande wa mdomo wa mtutu.

Na inateleza kwa nguvu gani? Risasi inakaa ndani ya mtutu kwa muda wa kama sehemu moja na nusu tu ya elfu ya sekunde. Katika muda huo mfupi bunduki inatoka kwenye utulivu na kuanza kukimbia. Darubini ya nusu kilo, kwa kitambo hicho, inavuta skrubu zake kana kwamba ina uzito unaozidi gunia la mahindi la kilo 100. Gunia zima, juu ya skrubu ambazo unene wake ni milimita tatu na nusu! Ukipiga mara moja zinashika. Mara ya ishirini, kama zilifungwa ovyo, zinaanza kusalimu amri.

Mafundi wa mizinga walikutana na tatizo hili zamani, tena Ziwa Nyasa lina historia yake ya mizinga. Agosti 1914, siku chache tu baada ya Vita Kuu ya Kwanza kuanza, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, ilifika Liuli, ambako Wajerumani walipaita Sphinxhaven kwa sababu ya jiwe lililofanana na sanamu ya Misri. Ikaipiga kwa mzinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani alikuwa rafiki wa Rhoades, na habari za vita zilikuwa hazijamfikia. Mzinga wa meli una bahati moja: unafungwa kwenye sitaha, na meli nzima inausaidia kumeza teke. Wafaransa walikuwa wamekwenda mbali zaidi. Mzinga wao wa milimita 75 wa mwaka 1897 uliuacha mtutu urudi nyuma zaidi ya mita moja, ukapokewa na mafuta na hewa, kisha ukarudishwa mahali pake. Chombo cha kulengea kilikuwa kwenye sehemu isiyorudi nyuma, kwa hiyo hakikupata teke.

Bunduki ya begani haina anasa hiyo. Darubini iko juu ya chuma kile kile kinachopiga teke. Lazima ishikwe.

Inashikwa vipi? Kwanza tutofautishe mambo mawili: kubana na kuzuia. Skrubu hubana, yaani hutegemea msuguano kati ya chuma na chuma. Msuguano una kikomo. Kizuizi hakitegemei msuguano. Kinasimama njiani kama ukuta. Mkulima wa Kimatengo analijua jambo hili bila kwenda chuoni. Shamba lake liko kwenye mteremko mkali, na mvua ya huko si ya mchezo. Hakuupigapiga udongo kwa jembe ili ushikamane, akaishia hapo. Alichimba ngoro, yale mashimo yaliyozungukwa na matuta yenye nyasi ndani, na kila tuta likawa ukuta unaozuia udongo na maji visiende bondeni. Darubini nayo inataka tuta lake.

Tuta hilo ni kigingi cha chuma kilicho chini ya kiti cha darubini, kinachoingia kwenye mfereji uliochongwa juu ya bunduki. Bunduki nyingi nzuri za kaliba kubwa zimechongwa hivyo tangu kiwandani. Sasa angalia kosa la kawaida: mfereji una nafasi inayozidi kidogo unene wa kigingi. Fundi akifunga skrubu huku kigingi kikiwa katikati au nyuma, kila teke litakisogeza mbele mpaka kigote ukuta. Kwa hiyo, kabla ya kukaza, sukuma kiti mbele mpaka kigingi kiguse ukuta wa mbele wa mfereji, ndipo ukaze. Ni kazi ya sekunde tano, na inafanya kazi kuliko nguvu zote za mkono.

Pili ni mafuta. Bunduki hupenda mafuta, lakini chini ya kiti cha darubini na ndani ya pete zake mafuta ni adui. Futa kwa spiriti chuma chote kinachogusana, pamoja na meno ya skrubu na matundu yake, uache vikauke. Skrubu za kiti zinaweza kutiwa tone la gundi ya kuzuia nati zisilegee, ile ya nguvu ya kati inayofunguka kwa bisibisi. Ndani ya pete, mafundi wa zamani walinyunyiza unga mwembamba wa utomvu mkavu wa msonobari, ule ule wanaopaka wapiga fidla kwenye upinde wao, ili pete ing'ang'anie.

Tatu ni kukaza kwa kiasi. Wapo wanaoamini kwamba kila kinacholegea dawa yake ni misuli. Bomba la darubini ni jembamba, aghalabu la alumini. Ukilikaba kupita kiasi linabonyea, na vioo vya ndani vinashindwa kusogea sawasawa unaporekebisha shabaha. Skrubu za pete hutosheka na nguvu ya kama kilo moja ya sukari iliyoning'inizwa mwisho wa spana ya sentimita 20. Zikazwe kwa zamu, kwa mkingamo, kidogo kidogo, kama nati za gurudumu la gari, na mwanya wa kila upande wa pete uwe sawa. Iko bisibisi yenye kipimo kwa kazi hiyo.

Nne, chagua darubini fupi na nyepesi. Kila gramu unayoiongeza juu inaongeza mzigo wa skrubu. Kwa mamba aliye umbali wa mita 60 huhitaji darubini ya kutazamia mwezi. Aidha, iwe ya kuacha sentimita 8 hadi 10 kati ya kioo na jicho, la sivyo teke litakuachia alama juu ya nyusi.

Tano, na hili ni la bei nafuu kuliko yote: chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha unaovuka kutoka kwenye pete hadi kwenye bomba, na mwingine kutoka kwenye skrubu hadi kwenye kiti. Mstari ukikatika, umejua kwamba kitu kimesogea.

Kwa nini nasisitiza jambo dogo hivi? Hesabu ni hii. Pete mbili za darubini ziko umbali wa kama sentimita 13. Pete moja ikihama pembeni kwa milimita moja tu, kwa umbali wa mita 50 risasi itakwenda kando kwa karibu sentimita 38. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kiboko aliyekufa na kiboko aliyejeruhiwa. Na aliyejeruhiwa haendi hospitali. Anajificha kwenye matete, na kesho yake alfajiri mama fulani atakwenda pale pale na ndoo yake.

Wala si teke peke yake linalolegeza. Kabla lami haijajengwa kati ya Mbinga na Mbamba Bay, bunduki ilitikiswa njia nzima kwenye gari, na barabara za vumbi bado zipo nyingi mkoani Ruvuma. Mtikisiko wa saa tatu huanza kazi ambayo teke humalizia. Ndiyo maana bunduki ikifika safarini ijaribiwe kwanza kwenye karatasi, mahali salama, na vilenga vyake vya chuma visiondolewe, ili darubini ikigoma askari asibaki kipofu.

Simwambii mtu akatafute bunduki. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 iko wazi kuhusu leseni, na kupambana na wanyama hatari ni kazi ya wenye mamlaka na mafunzo. Ninachosema kinawahusu wanaopanga mafungu ya fedha huku mjini. Ukimpa askari bunduki na darubini, mpe pia bisibisi yenye kipimo, spiriti, na risasi chache za kupimia shabaha. Anayebana matumizi kwenye risasi tatu za karatasi atazilipa mtoni, kwa risasi kumi na kwa kifuta machozi juu yake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe hapa ni wa milimita moja.

Hadi juma lijalo, kwaherini.