Uchovu Usioisha kwa Kulala

Saratani ya titi ikishasambaa kwenye mifupa, ini au mapafu, nyumbani huanza wimbo mmoja: "Mama, kaa, pumzika." Ananyang'anywa ndoo, ananyang'anywa ufagio. Ni huruma, sikatai. Ila uchovu wa saratani si ule wa kutoka shamba, huulali ukaisha. Na misuli isiyotumika hunywea upesi, hata kuinuka kitini kukawa kazi, naye akazidi kukaa.

Utafiti wa PREFERABLE-EFFECT, ulioongozwa na Anne May wa Utrecht, Uholanzi, ulichukua wagonjwa 357 wa aina hii katika nchi tano za Ulaya na Australia. Kundi moja lilifanya mazoezi mara mbili kwa wiki kwa miezi 9, zaidi chini ya macho ya mtaalamu: ya pumzi, ya nguvu na ya kusimama imara. Jingine lilipewa ushauri wa jumla. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024: waliofanya mazoezi walichoka kidogo kuliko wenzao na maisha yao yakawa na nafuu. Sisemi mazoezi yanaponya, na anayekuuzia maneno hayo mkimbie.

Wengi hugoma kwa kuogopa mifupa kuvunjika. Hofu hiyo ina msingi, ndiyo maana daktari huangalia kwanza picha: saratani imekaa mfupa gani, na mfupa una nguvu kiasi gani? Kama ni uti wa mgongo, kuchota maji kwenye pipa huku umeinama na kujipinda ni hatari kuliko zoezi lenyewe. Miguu bado inaweza kufanya kazi.

Mimi huanza na kiti cha mbao kilichoegemezwa ukutani. Keti mbele kidogo, nyayo zikanyage sakafu, inuka taratibu. Kushuka ndiko kwenye kazi: hesabu mpaka tatu, usijitupe. Mara tano, pumzika, rudia. Ukiweza kuzungumza lakini kuimba huwezi, kasi hiyo inatosha. Siku za dawa kali, mara mbili zinatosha.

Mgongo ukianza maumivu mapya yasiyokuachia usiku, miguu ikifa ganzi au kulegea, au mkojo ukikataa kutoka, acha kiti. Nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje kliniki ya wiki ijayo.