Disketi zetu hazikufa zote

Juzi nilikuwa napanga kabati, nikakuta disketi mbili ndani ya kopo la Blue Band. Watoto wakauliza ni nini, nikacheka. Halafu kicheko kikaisha.

Mwaka 2003, wakati wa TFC, nilizunguka vijiji vya upande wa Beni kuuliza wazee waliolima kahawa. Majibu yao niliyaandikisha kwenye sekretaria moja ya Butembo, pale walipowasha grupu jioni tu. Disketi ilibeba mega 1.44. Picha moja ya simu ya leo mara nyingi haiingii, lakini maandishi ya TFC nzima yaliingia na nafasi ikabaki! Nikapanda gari mpaka Beni, kilomita kama 54, vumbi tupu. Kule nikaiingiza kwenye mashine ingine. Ikasema kwa Kifaransa: disketi haijaformatiwa, niiformate? Nikafinya “Oui”. Wazee wote wakaenda.

Nilikuja kuelewa baadaye sana. Ndani ya disketi kuna duara laini la plastiki lililopakwa unga wa sumaku, na maandishi yanakaa kwenye mistari 80 kila upande. Kichwa cha mashine kikihama kidogo tu, kinaandika pembeni ya mstari. Yenyewe itasoma vizuri, kwa sababu imehama vilevile. Mashine ingine haioni kitu. Kumbe disketi yangu ilikuwa nzima. Dawa ilikuwa kurudi Butembo, kwenye mashine ileile.

Na flashi nazo? Zilianza kuuzwa mwaka 2000, za mega 8, na kwetu zilipofika tukasema mateso yamekwisha. Ikaja virusi ya “raccourci”: unafungua, unakuta vijia vya mkato tu. Vijana wengi waliformate wakilia, na kazi yao ilikuwa mule mule, imefichwa tu. Amri moja ya attrib ingeirudisha. Mimi hiyo inaniuma kuliko hata ya kwangu.

Sasa, wenye disketi nyumbani: msiziingize hovyo. Kwanza angalieni kama hazina ukungu (hali ya hewa ya Butembo inaupenda), maana utachafua kichwa cha mashine. Kisha sukumeni kale kaplastiki ka kwenye kona mpaka tundu lionekane. Hapo mashine itasoma, lakini haiwezi kuandika wala kuformate. Mashine moja ikikataa, jaribuni ingine, na ya tatu. Ikiuliza swali lile, jibu ni “Non”.

Moja kati ya mbili zangu ina karatasi iliyoandikwa “wazee, ya pili”. Sikumbuki kama ni kopi ao ni mwendelezo. Kama kuna promo, Butembo ao Beni, mwenye mashine ya zamani yenye mlango wa disketi, aniandikie hapa chini. Mzee mmoja kati ya wale bado yuko, na wajukuu wake wameniuliza alisema nini.