Tone la Damu na Moyo wa Mama

Shaabani iliyopita nilialikwa kusoma khutuba ya nikaha Mumias, katika kaunti ya Kakamega, mji ambao misafara ya Waswahili wa pwani ilikuwa ikitua zama za Nabongo Mumia. Mama wa nyumba alikuwa jikoni tangu alfajiri. Baada ya adhuhuri alikaa mkekani, jasho likimtiririka, akasema moyo unamchafuka na mgongo unamuuma. Kila mmoja alimletea dawa yake. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilimsomea maji nikadhani nimemaliza wajibu wangu. Binti yake muuguzi ndiye aliyeita gari.

Hospitalini walimchora mapigo ya moyo, kisha wakamtoa damu kidogo na kuitia katika kibao cha plastiki kilichochomekwa kwenye kifaa cha kushikwa mkononi. Kibao hicho ni katika jamii ya vyombo ambavyo wataalamu huviita maabara ndani ya chipu. Ndani yake mna vijifereji vyembamba mno. Matone mawili matatu hupita humo na kukutana na kingamwili zilizotandazwa zikingojea protini moja tu, troponini. Makao ya troponini hii ni misuli ya moyo; misuli ikikosa damu na kudhurika, protini huvuja. Kingamwili huidaka, kifaa husoma umeme mdogo unaotokana na kemia hiyo, na kiwango huandikwa kiooni kwa kadiri ya dakika 10. Maabara kubwa aghalabu huchukua saa nzima au zaidi.

Kiwango cha mama yule kilikuwa juu.

Hata hivyo wasomaji wasighurike. Troponini hupanda saa chache baada ya moyo kudhurika, kwa hiyo jibu safi la kwanza si hati ya salama, kipimo hurudiwa. Wala kibao hiki hakibashiri miaka mitano mbele kwamba mishipa inaziba. Kwa hilo ingali kazi ya mashine ya presha, kipimo cha sukari na cha mafuta ya damu, vipimo ambavyo sisi hatuendi kufanyiwa. Tena vibao hivi si rahisi kwa bei, na baadhi yake huhifadhiwa katika jokofu, jambo zito pale umeme unapokatika kila jioni.

Nirejee kwa kina mama. Tumezoea kuamini kuwa moyo huuma kifuani tu. Kifua huwauma wanawake pia, lakini kwao, zaidi kuliko wanaume, huandamana na uchovu usio wa kawaida, kukosa pumzi, kichefuchefu, maumivu ya taya au ya mgongo. Na mama wa kwetu, ambaye hasemi anaumwa mpaka mgeni wa mwisho anawe mikono, huchelewa kuliko wote.

Alikaa wodini siku nane. Nilipokwenda kumzuru, alikuwa akimwuliza bintiye kama pilau iliwatosha watu.