Kusoma tena na tena si kujua: saikolojia ya mwanachuo na simu yake (Sehemu ya 2)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilihusu kusahau. Tuliona jinsi Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alivyojipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya tulichojifunza hutuponyoka katika saa na siku za mwanzo, kisha kasi ya kusahau hupungua. Leo tunaingia katika swali ambalo wahadhiri wengi wameulizwa na mwanafunzi aliyepata supu, yaani mtihani wa marudio: "Mwalimu, madesa yote niliyasoma, tena nikayarudia. Imekuwaje?"

Mwanafunzi huyo hasemi uongo, na mara nyingi si mvivu. Amekesha kweli. Kasoro iko katika namna aliyosoma, na simu aliyonayo mkononi imeifanya namna hiyo kuwa rahisi kuliko ilivyopata kuwa zamani.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wakiwa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, walichapisha jaribio ambalo ningependa kila mwaka wa kwanza alisikie kabla hajaonyeshwa maktaba. Wanachuo walipewa kifungu kifupi cha habari za sayansi. Kundi moja lilikisoma katika vipindi vinne vya dakika tano tano. Kundi jingine lilikisoma katika kipindi cha kwanza tu. Katika vipindi vitatu vilivyobaki kifungu kiliondolewa, wakapewa karatasi na kuambiwa waandike kila wanachokumbuka. Hakuna aliyesahihishiwa. Kwa wastani kundi la kwanza lilikipitia kifungu mara 14 hivi, na la pili mara tatu na ushei.

Waliopimwa dakika tano baadaye walitoa matokeo ambayo mwanafunzi yeyote angeyatarajia: waliosoma tu walikumbuka asilimia 83, na walioandika kwa kichwa asilimia 71. Lakini kwa wale waliopimwa baada ya wiki moja, meza ilipinduka. Waliosoma tu walibakiwa na asilimia 40, na walioandika kwa kichwa asilimia 61. Kuna jambo jingine katika jaribio hilo linalonigusa kuliko takwimu zenyewe: walipoulizwa wakadirie watakumbuka kiasi gani baada ya wiki, waliosoma mara nyingi ndio waliojiamini zaidi. Waliokuwa karibu kusahau walijiona wamekwisha kujua.

Sababu yake inaeleweka. Ukiutazama ukurasa kwa mara ya tano, macho huteleza bila kukwama. Kila sentensi unaitambua, na kutambua huleta faraja. Chumba cha mtihani hakikuulizi kama unaitambua sentensi. Kinakuuliza uitoe mwenyewe, bila kuiona. Hiyo ni kazi tofauti, na huimarika kwa kufanywa. Kila mara unapohangaika kulikumbuka jambo na ukalipata, njia ya kulifikia inazidi kuwa wazi. Robert Bjork wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles amekuwa akisisitiza tangu miaka ya 1990 kwamba upo ugumu wenye faida: ule unaomchelewesha mwanafunzi leo na kumfikisha mbali kesho. Shida ni kwamba ugumu huo haufurahishi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard wakiongozwa na Louis Deslauriers waliwapima wanafunzi wa fizikia waliofundishwa kwa njia mbili: kusikiliza mhadhara mzuri uliotiririka, au kuhangaika na maswali kwa vikundi humo humo darasani. Waliohangaika walijifunza zaidi, lakini waliohisi kwamba wamejifunza zaidi ni wale waliosikiliza.

Sasa ingiza simu katika picha hii. Slaidi za muhula mzima zimo katika kundi la WhatsApp la kozi. Mhadhara umerekodiwa, unaweza kuusikiliza kwa kasi maradufu ukiwa ndani ya daladala. Ukisahau fasili, unaitafuta na kuipata kabla hujamaliza kujiuliza. Huduma zote hizi ni njema. Aliyesoma chuo enzi za kugombea nakala moja ya kitabu kwenye rafu ya akiba anajua thamani yake. Lakini karibu zote zinaondoa ile dakika ya kuhangaika, na dakika hiyo ndiyo inayojenga kumbukumbu.

Tangu mwisho wa mwaka 2022, ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma, jambo hili limekuwa zito zaidi. Utafiti wa Hamsa Bastani na wenzake uliofanyika Uturuki, na kuchapishwa mwaka 2025, uliwahusu wanafunzi wa sekondari wapatao elfu moja waliokuwa wakifanya mazoezi ya hisabati. Si wanachuo, lakini somo lake linafika chuoni bila kupotoshwa. Waliopewa programu ya akili mnemba ya kuuliza watakavyo walifanya mazoezi vizuri zaidi kwa asilimia 48 kuliko waliokuwa na vitabu na madaftari tu. Siku ya mtihani, programu ilipoondolewa, walifanya vibaya kuliko hao wenye vitabu kwa asilimia 17. Kundi la tatu lilipewa programu ile ile iliyopangwa itoe vidokezo, isitoe jibu. Hao hawakupata hasara hiyo. Mashine ilikuwa moja. Kilichobadilika ni nani aliyefanya kazi ya kufikiri.

Hapa naomba niguse mila yetu, kwa sababu watafiti hawa wamefika mahali ambapo madrasa za pwani zimekuwa kwa karne nyingi. Mwanafunzi anayehifadhi hamsomei mwalimu akiwa amefungua msahafu. Anaufunga, anasoma kwa kichwa, anasahihishwa pale pale. Kisha kuna muraja'a: sura ya jana inarudiwa leo, ya wiki iliyopita inarudiwa Ijumaa, ya mwaka jana haiachwi. Kukumbuka bila kutazama, na kurudia kwa kupishanisha siku, ndizo nguzo mbili ambazo saikolojia ya kujifunza imezithibitisha kuliko karibu mbinu nyingine yoyote.

Najua pingamizi litakalotolewa: hiyo ni kukariri, na chuo kikuu kinataka uelewa. Pingamizi hilo lilijibiwa na Karpicke pamoja na Janell Blunt mwaka 2011. Wanachuo walisoma maandishi ya sayansi. Baadhi wakachora ramani za dhana huku wakiyatazama, wengine wakayafunga na kuandika wanachokumbuka. Walioandika kwa kichwa walishinda hata katika maswali yaliyotaka mtu aunganishe hoja na kutoa hitimisho lake. Ukijizoeza kutoa fasili, utapata fasili. Ukijizoeza kueleza kwa kichwa kwa nini mfumuko wa bei hupanda au figo huchuja vipi damu, utapata maelezo. Nami ningeongeza kwamba mwanafunzi wetu, anayefundishwa kwa Kiingereza, ajaribu pia kumweleza mwenzake hoja hiyo kwa Kiswahili huku slaidi zimefungwa. Hapo hawezi kujificha nyuma ya sentensi za mwalimu.

Teknolojia ya kufanya haya ipo, na sehemu yake ni ya zamani kuliko kompyuta za mkononi. Mwandishi wa habari wa Ujerumani, Sebastian Leitner, alieleza mwaka 1972 utaratibu wa kadi za maswali katika visanduku: kadi uliyoijibu inasogea mbele na kukungoja siku nyingi zaidi, uliyoshindwa kuijibu inarudi mwanzo. Programu ya Anki, iliyotoka mwaka 2006, inatumia wazo hilo kwa hesabu za kompyuta. Ni ya bure kwa simu za Android na hufanya kazi bila intaneti. Wanafunzi wa udaktari katika nchi nyingi wanaitegemea kwa majina ya mishipa na dawa.

Lakini sitaki mzigo wote umwangukie mwanafunzi. Vyuo vyetu vingi hugawa alama 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani wa mwisho, na hizo 40 mara nyingi hutokana na tesiti mbili na kazi ya kikundi. Maana yake mwanafunzi anaweza kupita wiki nyingi bila mtu yeyote kumtaka akumbuke chochote. Mhadhiri mwenye darasa la mamia hawezi kusahihisha majaribio ya kila wiki kwa mkono, na hapo ndipo mashine ingeleta nafuu ya kweli. Moodle, mfumo ulioanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia mwaka 2002 na kutumiwa na vyuo vingi vya Afrika Mashariki, kikiwemo Makerere, una sehemu ya maswali yanayojisahihisha. Mara nyingi tunautumia kama kabati la kuwekea slaidi.

Maswali matano kila wiki yangetosha: mawili ya mada ya wiki hii, mawili ya wiki tatu nyuma, moja la mwanzo wa muhula. Yasiwe na alama, au yawe na alama chache mno kiasi cha kutomtia mtu kishawishi cha kuiba. Baada ya kujibu, mwanafunzi aonyeshwe jibu sahihi na sababu yake. Maswali ya maandishi hula bando kidogo sana yakilinganishwa na video ya mhadhara wa saa nzima, kwa hiyo hata anayengoja bumu, yaani fedha za mkopo wa masomo, liingie anaweza kuyafanya. Na slaidi za mada mpya zifunguke baada ya kujibu, si kabla.

Sehemu ya tatu itahusu umakini darasani: arifa za simu, na kile kinachompata mwanafunzi aliyekaa nyuma ya mwenzake mwenye kompyuta iliyo wazi.