Ada Imelipwa, Basi Je?

Shule za Marekani zikifungwa mwezi Mei au Juni, watoto hukaa likizo wiki kumi hivi, lakini kazini kwa wazazi hakuna likizo ya namna hiyo. Ndiyo maana kambi za mchana zina wateja wengi. Mtoto hupelekwa asubuhi, akacheza mpira, akaogelea, akasoma kidogo na kufinyanga udongo, kisha jioni akarudi kulala kwao.

Kikwazo ni bei. Wiki moja inaweza kugharimu mamia ya dola, na mwenye watoto watatu hulipa mara tatu. Serikali ya shirikisho humpunguzia kodi mzazi anayelipia kambi ya mchana ili apate kwenda kazini, ilimradi mtoto hajatimiza miaka 13. Kambi ya kulala haimo. Lakini nafuu hiyo kwa kawaida hukatwa kwenye kodi ambayo mtu anadaiwa, kwa hiyo mwenye kipato kidogo asiyedaiwa kodi ya mapato haambulii kitu.

Ndipo inapokuja mifuko ya jamii, yaani mifuko ya hisani ya mji au eneo fulani. Wa kwanza ulianzishwa mjini Cleveland mwaka 1914 na mwanabenki Frederick Goff. Goff alikerwa na fedha za wasia zilizofungiwa kusudi moja, hata pale kusudi lenyewe lilipokwisha kupitwa na wakati. Akapendekeza michango iwekwe pamoja na kuwekezwa, kisha kamati ya wenyeji iamue mji unahitaji nini wakati huo. Leo mifuko ya aina hiyo ipo kwa mamia nchini humo. Mfuko ukigharimia kambi, kwa kawaida mzazi hapewi fedha mkononi. Ruzuku huenda kwa shirika linaloendesha kambi, nalo hupunguza ada au kuifuta kulingana na kipato cha familia.

Je, kufuta ada kunatosha?

Mwaka 2013 watafiti wa taasisi ya utafiti ya RAND walichunguza programu za bure za kiangazi katika wilaya tano za shule, zikiwemo za Boston, Dallas na Pittsburgh. Basi lilikuwa bure, chakula bure. Hata hivyo, karibu mtoto mmoja kati ya watano waliopewa nafasi hakutokea hata siku moja. Waliohudhuria siku 20 au zaidi ndio walioonyesha maendeleo makubwa zaidi katika hisabati.

Kwa hiyo mfadhili makini huuliza pia kuhusu usafiri na saa. Kambi inayofungwa saa tisa alasiri haimfai mama anayetoka kiwandani saa kumi na moja. Chakula ni rahisi zaidi, kwa sababu Wizara ya Kilimo hurejesha gharama za milo ya kiangazi katika maeneo yenye kipato cha chini. 

Lugha nayo ina nafasi yake. Katika jiji la Louisville, Kentucky, zimehamia familia nyingi kutoka Kongo, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazozungumzwa sana majumbani mwa wanafunzi. Fomu ya maombi iliyo kwa Kiingereza pekee huwapita wazazi hao. Muda nao hauwasubiri, maana kambi nyingi huanza kuandikisha watoto wakati wa baridi, na nafasi za ruzuku huweza kwisha kabla shule hazijafungwa.