Taa zisizo na waya: Mnunuzi wa Mji Mkongwe apime kuta kabla ya bei

Wafanyabiashara wenye nyumba za wageni, migahawa na maduka katika eneo la Forodhani na mitaa ya jirani ya Mji Mkongwe, wanaofikiria kuweka taa zinazoamrishwa kwa simu au kwa saa maalumu, wanakabiliwa na soko lenye bidhaa nyingi kuliko maelezo. Boksi moja limeandikwa Wi-Fi, jingine Zigbee, jingine Z-Wave, jingine Matter, na karibu yote yamechorwa picha ya simu ya mkononi. Tofauti iliyopo baina yao haionekani dukani. Huonekana baadaye, fedha ikiwa imeshatoka na taa ya ghorofa ya pili haisikii amri.

Kwanza ieleweke kwamba jina la bidhaa hizi linapotosha. Taa isiyo na waya bado inakula umeme wa waya. Kinachopita hewani ni amri tu ya kuwaka, kuzima au kupunguza mwanga. Amri hiyo hutoka kwenye simu, kwenye swichi ndogo ya betri, kwenye sensa inayohisi mtu anapopita, au kwenye kisanduku kinachoongoza nyumba nzima, yaani kitovu, ambacho pia huweza kuongoza viyoyozi, pampu ya maji na kufuli za milango. Anayetaka taa zake ziingie katika mpango huo mpana hana budi kuchagua lugha ya mawasiliano kabla ya kuchagua taa.

Kwa Mji Mkongwe, lugha hiyo inaamuliwa na ukuta. Majumba ya Forodhani yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake zikiwa na unene wa nusu mita na wakati mwingine zaidi. Mawimbi ya Wi-Fi ya kawaida ya taa yako katika masafa ya 2.4 GHz, na hayapendi ukuta wa namna hiyo, hasa wakati wa masika chokaa inapokuwa imelowa, kwa sababu maji hunyonya mawimbi. Ruta moja iliyowekwa mapokezi inayotosha nyumba ya matofali ya saruji kule Mombasa au Mwanakwerekwe haitafika chumba cha nyuma katika nyumba ya Shangani.

Taa za Wi-Fi zina mvuto mmoja mkubwa: hazihitaji kitovu, hivyo bei ya kuanzia ni ndogo. Lakini kila taa ni mteja mmoja wa ruta. Nyumba yenye taa 40 imeongeza wateja 40 kwenye ruta ile ile inayohudumia simu za wageni, na ruta ndogo zinazotolewa na makampuni ya intaneti hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Kwa duka lenye taa tano au sita, Wi-Fi inatosha na hakuna sababu ya kutafuta zaidi. Kwa nyumba ya wageni ni akiba ya uongo.

Zigbee nayo hutumia 2.4 GHz, lakini utaratibu wake ni mwingine. Kila taa yenye umeme hupokea amri na kuipitisha kwa taa ya jirani, kama ndoo za maji zinavyopokezanwa wakati wa kuzima moto. Kwa hiyo amri haihitaji kupenya kuta nne. Inahitaji kuruka kutoka taa hadi taa. Katika nyumba za Mji Mkongwe njia nzuri ya kurukia ipo tayari, nayo ni ngazi na ua wa ndani. Fundi anayejua kazi ataanza kwa kuweka taa za mfumo kwenye kila kituo cha ngazi na kuuzunguka ua, kisha ndipo aingie vyumbani kupitia milangoni. Anayeanza na vyumba vya mwisho atalaumu taa bure.

Lipo pia suala la msongamano. Mitaa ya Mji Mkongwe ni myembamba na karibu kila nyumba ya biashara ina Wi-Fi, na Zigbee inagombania anga hiyo hiyo. Dawa yake haina gharama: Wi-Fi ya nyumba iwekwe kwenye chaneli 1 na Zigbee kwenye chaneli 25, iliyo mbali nayo. Kazi hiyo ni ya dakika chache, lakini ikisahauliwa huleta malalamiko ya mwaka mzima.

Z-Wave inakwepa msongamano huo kwa kutumia masafa ya chini, 868 MHz kwa vifaa vya Ulaya na 908 MHz kwa vya Marekani, na mawimbi ya chini hupenya ukuta vizuri zaidi. Tatizo ni kwamba kifaa cha Ulaya hakizungumzi na cha Marekani. Ndugu aliyeko Marekani anayetuma sanduku la vifaa kwa nia njema anaweza kutuma mzigo usiofanya kazi na kitovu kilichonunuliwa London. Taa za soko la Marekani zina kasoro nyingine kubwa zaidi: nyingi ni za volti 120, na umeme wa Unguja ni volti 230. Bidhaa za Dubai, zinazotengenezwa kwa volti 220 hadi 240, hazina tatizo hilo.

Waya ulioko ndani ya boksi la swichi ni jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi. Swichi nyingi za kisasa zinazoamrishwa kwa mbali zinahitaji waya wa nyutro. Katika nyumba za zamani zilizotandazwa nyaya kwa mtindo wa Kiingereza, nyutro mara nyingi huishia darini, pale waya wa taa unapoteremka, na kwenye swichi hakuna ila laivu inayokwenda na kurudi. Kuchimba ukuta wa chokaa ili kupitisha waya mpya ni kazi ghali na inayodhuru jengo. Njia za kutokea zipo tatu. Ya kwanza ni kununua swichi isiyohitaji nyutro, ambayo hufanya kazi, lakini ikiendesha taa moja ndogo ya LED huweza kuiacha ikimemeteka hata baada ya kuzimwa. Ya pili ni kuficha kirelei kidogo kule darini, ambako nyutro ipo, na kuiacha swichi ya ukutani ikiwa swichi ya kuagiza tu. Ya tatu ni swichi ya kubandika isiyo na waya wala betri, inayozalisha umeme wake kutokana na nguvu ya kidole kinapobonyeza; kampuni ya EnOcean ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 2001, ndiyo iliyoipatia jina teknolojia hiyo. Kwa jengo ambalo mwenyewe hataki kulitoboa, swichi ya kubandika inastahili kufikiriwa kwanza.

Hapa ndipo linapoingia kosa linalogharimu nyumba za wageni kuliko yote. Mwenye nyumba ananunua balbu za kisasa, anaziacha swichi za zamani ukutani, kisha mgeni au mfanyakazi anazima kwa swichi kama alivyozoea. Balbu ikikatiwa umeme hutoweka kwenye mfumo. Haisikii tena simu wala saa, na mbaya zaidi, haipitishi tena amri kwa jirani yake, hivyo vyumba vya mbele zaidi navyo huzimika masikioni. Nyumba zinazotumia kadi ya mlangoni kukata umeme wa chumba zina tatizo hilo hilo kila mgeni anapotoka. Penye watu wengi wanaogusa swichi, busara ni kuweka akili kwenye swichi au kirelei na kutumia balbu za kawaida. Balbu za kisasa ziachiwe mahali ambapo hakuna mkono unaofika: roshani, bustani, bango la nje.

Umeme wenyewe una historia yake. Unguja hupata umeme kutoka Bara kupitia waya wa baharini unaotua Fumba. Waya wa kwanza ulioanza kazi mwaka 1980 ulipopata hitilafu, kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima kati ya Mei na Juni 2008, kisha takribani miezi mitatu kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013 kwa msaada wa Marekani. Hata hivyo mfanyabiashara yeyote wa Unguja hununua kifaa cha umeme akijua kwamba umeme unaweza kukatika.

Kwa taa hizi, swali si umeme unapokatika, bali unaporudi. Balbu nyingi zimewekwa kiwandani ziwake kwa mwanga kamili pindi umeme unaporejea. Umeme ukirudi saa nane usiku, vyumba vyote huwaka kwa pamoja na wageni wote huamka. Watumiaji wa Philips Hue, iliyoingia sokoni mwaka 2012, walilalamikia jambo hilo kwa miaka kadhaa hadi mwaka 2018 kampuni ilipoongeza uwezo wa kuchagua hali ya taa baada ya umeme kurudi. Mnunuzi aulize dukani kama bidhaa ina uwezo huo. Muuzaji akikosa jibu, taa ijaribiwe pale pale kwa kuzima na kuwasha soketi. Ruta na kitovu navyo viwekwe kwenye betri ya akiba, la sivyo jenereta itawasha taa ambazo bado hazina wa kuziongoza.

Faida ya bili nayo isikuzwe. Ichukuliwe nyumba yenye taa 40 za LED za wati 9, zinazowaka saa tano kila siku. Hizo hula uniti 657 kwa mwaka. Balbu ya kisasa haizimi kabisa. Hubaki macho ikisubiri amri, na ikila nusu wati tu, saa 19 zilizobaki hugharimu uniti 139 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba mfumo lazima upunguze zaidi ya saa moja ya matumizi kila siku kwa kila taa ili mwenye nyumba arudi pale alipokuwa kabla ya kununua. Kwenye ngazi, ua na vyoo vya pamoja, ambako taa huachwa zikiwaka usiku kucha, sensa italipa gharama hiyo mapema. Kwenye chumba cha mgeni anayezima mwenyewe anapolala, haitalipa. Akiba kubwa ilishapatikana siku balbu za wati 60 zilipotolewa na kuwekwa LED.

Lililo zito zaidi kwa mwenye mtaji mdogo ni nani anayeshika hatamu za mfumo. Taa nyingi za bei nafuu hupeleka kila amri kwenye seva iliyoko nchi za nje kisha kuirudisha. Mtu yuko chumbani Forodhani, amri inazunguka Ulaya au Asia. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Tanzania ilidorora vibaya. Mfumo unaofanya kazi ndani ya nyumba bila intaneti hauathiriwi na tukio kama hilo. Tena kampuni yenyewe huweza kuondoka. Kitovu cha Revolv, kilichouzwa Marekani kwa takriban dola 300, kilizimwa na wenyewe Mei 2016 baada ya Nest kuinunua kampuni hiyo. Aprili 2022 seva za Insteon zilizimwa ghafla bila taarifa, wateja wakaachwa na vifaa vilivyokuwa vizima siku moja kabla.

Matter, iliyotolewa Oktoba 2022 na umoja wa makampuni uliokuwa ukiitwa Zigbee Alliance, inalenga kuondoa kifungo hicho. Vifaa vyake huongea ndani ya nyumba, na taa ya kampuni moja hutii kitovu cha nyingine. Si lazima mwenye Zigbee atupe alichonacho, kwani baadhi ya vitovu huweza kuziingiza taa za Zigbee kwenye Matter. Kwa anayenunua leo kwa ajili ya nyumba ya ukubwa wa kati, uchaguzi wenye hasara ndogo ni Zigbee 3.0 yenye kitovu kinachojua Matter na kinachofanya kazi hata intaneti ikikatika.

Hatamu nyingine hushikwa na fundi. Ni kawaida fundi kuufungulia mfumo akaunti kwa simu na barua pepe yake mwenyewe ili amalize kazi haraka. Siku wakigombana juu ya malipo, au fundi akihamia Bara, mwenye nyumba hana neno la siri la taa zake. Akaunti ifunguliwe kwa jina la biashara, neno la siri liandikwe na kukabidhiwa pamoja na mchoro wa vifaa, na sharti hilo liwemo kwenye makubaliano kabla ya malipo ya mwisho.

Kwa wauzaji wa Darajani na Mchangani, mzigo unaooza rafuni ni ule uliofungwa kwenye programu moja tu ya simu. Holda nazo ziangaliwe: nyumba za zamani zina holda za pini, wakati taa nyingi za kisasa huja na kichwa cha kuzungusha, hivyo katoni ya viunganishi vya kubadilisha haitakosa mnunuzi. Taa za nje za Forodhani zinapigwa na chumvi ya bahari. Alama ya IP65 huzuia vumbi na maji, lakini haizuii kutu ya skrubu na fremu ya chuma, na hizo hufa kabla ya balbu.

Taa yoyote itakayobadilisha sura ya nje ya jengo inahitaji idhini ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Maombi yapelekwe mapema, kwani kipindi kizuri cha kazi ni masika, kati ya Machi na Mei, wageni wanapokuwa wachache. Kipindi hicho kinatosha kufunga ghorofa moja na kuijaribu kabla ya kulipia ya pili, na kuta zikiwa zimelowa, jaribio litakuwa la haki.