Uundaji wa maumbo mango kwa kompyuta

Uundaji wa maumbo mango ni njia ya kuchora kitu kwa kompyuta ili programu ikitambue kuwa kitu kamili chenye ujazo, si mistari mitupu. Hutumika katika uhandisi, useremala, uchongaji wa vyuma na uchapishaji wa 3D.

Historia

Mwaka 1963 Ivan Sutherland wa chuo cha MIT nchini Marekani alionyesha Sketchpad, programu iliyowezesha kuchora kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga. FreeCAD, iliyoanza kutolewa mwaka 2002, hupatikana bila malipo, hivyo mwanafunzi hahitaji kununua leseni.

Amri za msingi

Kazi huanza na mchoro bapa, kwa mfano duara au mstatili. Kisha hutumika amri hizi:

- Kuvuta: mchoro hupewa kimo, duara huwa mcheduara.
- Kuzungusha: mchoro huzungushwa kwenye mhimili, kama mbao kwenye kerezo.
- Kuunganisha: maumbo mawili huwa moja.
- Kutoa: umbo moja hukatwa kwa lingine, kama kutoboa tundu.
- Makutano: hubaki sehemu iliyomo katika maumbo yote mawili.

Amri tatu za mwisho hufuata hesabu za seti. Huitwa kwa jina la George Boole (1815–1864), mwanahisabati wa Uingereza.

Mfano: bushi

Bushi ni bomba fupi ambamo shafti huzunguka. Tuseme fundi wa Hanga, mkoani Ruvuma, anahitaji bushi ya mashine ya kusaga mahindi yenye kipenyo cha nje milimita 40, cha ndani 20 na urefu 30. Anaweza kuvuta duara la nje, kisha kutoa mcheduara wa ndani. Au anachora mstatili wa milimita 10 kwa 30, ulio milimita 10 kutoka kwenye mhimili, na kuuzungusha nyuzi 360. Umbo ni lilelile.

Programu hukokotoa ujazo: takriban sentimita za ujazo 28.3. Ikiwa ni chuma cha pua cha kawaida, chenye gramu 7.85 kwa kila sentimita ya ujazo, uzito ni kama gramu 222. Hivyo fundi hujua kiasi cha chuma kabla ya kukikata.

Makosa ya kawaida

Mchoro usiofungwa hauwezi kuwa umbo mango: pengo dogo kati ya mistari miwili hutosha kuzuia amri ya kuvuta. Pia, mcheduara wa kutolea ukiwa mfupi kuliko bushi, tundu halitokei upande wa pili.